Furaha Imenifikia, Radhi Bado

Laknau, India
Ijumaa, baada ya sala

Kwa Baba yangu, Fundi Pazi, Kaole

Shikamoo Baba.

Najua shikamoo ya kwenye karatasi haiitikiwi palepale, lakini nimeitanguliza hivyo hivyo, na marahaba yako nitaingoja. Vipi hali yako? Vipi mgongo? Mama ameniambia bado unakaa kibarazani na kofia tangu asubuhi mpaka adhuhuri bila kujinyoosha, na akikwambia unyanyuke unamjibu kwamba kofia haijishoni yenyewe. Macho je? Miwani ile umeivaa, au bado inakaa juu ya kabati ikikutazama unavyoumia? Mimi ni mzima, nakula, nalala, nasali. Wasiwasi wangu ni juu yako wewe peke yako, na nitakueleza kwa nini.

Nimeandika barua kwa sababu simu huitaki. Kila nikipiga namsikia Mama akisema, "Mwanao huyu hapa," kisha kimya, kisha Mama anarudi na kuniambia umekwenda kutawadha. Baba, miezi minane hii umetawadha sana. Usinikasirikie, natania huku nimeinamisha kichwa. Barua hii nimempa dada mmoja wa Tanga aliyemaliza masomo yake hapa mjini, naye ameahidi kuifikisha mpaka mlangoni na kukupa mkononi.

Jambo lenyewe ni moja, na nalitaja mapema ili usisome ukidhani nimeugua au nimefukuzwa. Nataka radhi zako. Asubuhi ile ninaondoka ulikuwa unashona. Nikapiga magoti, nikakubusu mkono, na sindano ilikuwa ndani ya vidole hivyo hivyo, hukuiweka chini. Ulisema, "Mkono nimekupa mimi. Ukiona haukutoshi, nenda kauombe mwingine." Nikasema, "Baba, naomba radhi zako." Ukasema, "Haya." Nimeibeba ile haya ndani ya ndege, nikaigeuza mbele na nyuma, nisijue ni haya ya nenda salama au ni haya ya hebu nipishe mwanga. Mama anasema ni ya kwanza. Mama ni mama, angesema hivyo hata kama ungenirushia kiatu.

Sasa nikueleze niko wapi na niko kwa nani, maana hili hukuniuliza na mimi sikupata nafasi ya kukwambia.

Bahari hapa hakuna, na nazi unaitafuta kama dawa. Baridi ilipoingia nilivaa kila nilichokuja nacho, shuka la Mama juu yake, na bado meno yaligongana. Lakini huku kudarizi ni kazi ya mji mzima. Ukipita vichochoroni unawaona akina mama wamekaa vizingitini na vitambaa mapajani, wanashona huku wanasengenya, kama kwetu tu. Karakana yetu, nao huiita karkhana, neno lile lile, iko ghorofani kwenye kichochoro ambacho pikipiki mbili hazipishani. Tuko watu saba. Tunakaa chini, miguu tumeikunja, tunatia maua meupe kwenye kanzu zao za pamba nyeupe, nyepesi mpaka kidole chako unakiona upande wa pili. Mkubwa wetu ni Ustad Naim, mtu wa rika lako. Ustad huku ni fundi mkuu, si mwalimu wa chuoni. Anaishi na mama yake mzazi, kikongwe aliyepita miaka themanini, ambaye sote tunamwita Dadi, yaani bibi mzaa baba. Dadi ndiye anayetupikia, na Dadi ndiye aliyenifunza kusema.

Maana watu hawa, Baba, wanajua kusema! Wewe unatujua sisi watu wa Pwani tunavyojiona mabingwa wa adabu, mtu wa bara akikusalimia nusu nusu tunamtengenezea hadithi wiki nzima. Nilikuja na kifua mbele. Nikamkuta Ustad Naim anazungumza na paka kwa heshima. Lugha yao ina "wewe" tatu, na ya juu kabisa ni aap, ambayo humwambia mkwe wako au mzee wako. Nyumba hii hawatumii nyingine. Aliyemwaga chai juu ya kazi ya siku nne huambiwa aap. Paka akilala juu ya kitambaa anaulizwa kama angependa kusogea. Na anasogea!

Kabla sijafika kwenye yanayoniuma, acha nikuchekeshe. Wiki yangu ya kwanza sikujua neno zaidi ya salamu na shukria. Dadi ana tabia ya kuongeza chakula kwenye sahani ya mtu bila kuuliza. Alikuwa ameshanipa mikate, dengu na bilinganya, nimeshiba mpaka shingoni, namwona anakuja na mwiko tena. Nikaweka kiganja juu ya sahani, nikasema kwa upole wote mlionilea nao, "Basi, Dadi, basi." Nilikuwa nimewasikia wenyewe wakisema "bas" kwa maana ya tosha, nikajua hili neno ni la kwetu sote, halina matata. Kumbe wao hulikata fupi. Sisi tunavyoivuta ile "baa" na kumalizia na "si", kwao linakuwa neno jingine kabisa. Baasi ni chakula kilicholala. Kiporo! Nimekaa mbele ya kikongwe aliyeamka alfajiri kukanda unga, nimefunika sahani yake kwa mkono, namwambia, "Kiporo, Dadi, kiporo."

Dadi akaenda jikoni, akarudi na sufuria, akafunua mfuniko, mvuke ukanipiga usoni. Neno baya hakusema. Aliuliza jambo kwa ile aap yake, taratibu, na baadaye niliambiwa alikuwa akiuliza, "Kwenu chakula cha moto huwaje?" Mimi nikadhani ananihimiza niendelee kula. Nikatabasamu, nikajibu, "Basi!"

Siku tatu, Baba, nililishwa chakula kinachochemka. Ananiwekea, anakaa mbele yangu, ananitazama mpaka nimeze. Ulimi ulibabuka. Siku ya nne nikamwona kutoka dirishani anamtupia ng'ombe wa kichochoroni mkate wa jana, anasema, "Baasi, baasi," na macho yakanitoka. Nilishuka ngazi mbio, nikachuchumaa mbele yake nimeshika masikio yangu mawili, maana huku mtu akiomba msamaha hushika masikio. Kwa ishara na maneno matatu nikamweleza kwamba kwetu basi ni tosha. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akamwambia mwanawe kwamba mtu huyu akiachwa hivi hivi atatugombanisha na majirani, na kuanzia siku hiyo akanichukua mwanafunzi.

Somo lake la kwanza lilikuwa namna ya kusema umefurahi. Mimi nilikuwa nimejifunza kwenye simu, main khush hun, yaani mimi nina furaha. Si kosa, wengi husema hivyo. Lakini Dadi kila akiisikia anakunja uso. "Mimi, mimi, mimi," ananiambia. "Na aliyekuletea hiyo furaha umemwacha wapi?" Kwake yeye unasema mujhe khushi hui. Maana yake kwangu imefika furaha. Furaha ndiyo iliyosafiri, ndiyo iliyobisha hodi. Wewe kazi yako ni kufungua mlango tu. Kisha unamtaja aliyeileta. Ukikutana na mtu, aap se mil kar khushi hui, kwa kukutana nawe furaha imenifikia. Na mtu akikuuliza u hali gani, usimjibu nzuri ukanyamaza kama umefunga duka. Sema aap ki dua hai, ni dua yako. Yaani uzima huu unaouona kwangu, mwenyewe ni wewe uliyeniombea. Muuza mboga wa hapo chini namwambia hivyo kila siku, na sidhani kama amewahi kuniombea lolote isipokuwa ninunue vitunguu vingi. Lakini usoni anang'aa.

Nimelipenda jambo hili kupita kiasi, nakwambia kweli. Nimekaa nikijiuliza ni mara ngapi nimefurahi mbele yenu nikajisemea mimi, mimi, nisimtaje aliyeniletea. Kofia yangu ya kwanza iliponunuliwa pale mjini Bagamoyo nilirudi nikiimba, "Nimeuza!" Wewe ndiye uliyeichora, wewe ndiye uliyeitia wanga na kuikausha kwenye kalibu. Sikusema neno. Dadi angeniona angenilisha uji wa moto.

Na kushiba nako kuna maneno yake. Hutasema nimeshiba ukasukuma sahani. Unasema tumbo limejaa, moyo haujajaa. Pet bhar gaya, dil nahin bhara. Hapo umekataa chakula na umekisifu kwa pumzi moja, na mpishi hana pa kununia. Siku ya kwanza kuitumia nilijiona msomi. Dadi akafurahi sana, akasema kama moyo haujajaa basi tuujaze, akaniongezea mikate miwili. Adabu hii ina hasara zake.

Sasa nikwambie kuhusu kofia yako. Unaikumbuka ile uliyonishonea nilipohitimu msahafu, nami nikaja nayo kichwani? Mwezi wa pili wangu hapa Ustad Naim aliiomba. Hakuichukua, aliiomba, kwa mikono miwili. Akaigeuza ndani nje, vile vile unavyofanya wewe ukishika kofia ya fundi mwingine, anatafuta fundo la uzi. Hakuliona. Akavaa miwani. Hakuliona. Akawaita wenzangu wote, ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja anaisogeza dirishani, kila mmoja anatikisa kichwa. Akaniuliza imeshonwa na nani. Nikasema na baba yangu. Akaigusisha kwenye paji la uso wake, akasema kwa kuona kazi hii furaha imenifikia, kisha akanirudishia. Tangu siku hiyo sikai tena karibu na mlango kwenye upepo. Nimesogezwa penye mwanga, karibu naye. Sikwambii haya kukulainisha. Au tuseme nakulainisha kidogo, lakini ni kweli tupu. Ulidhani nimekuja huku kuidharau sindano yako. Mimi hapa heshima yangu yote ni ya kuazima kwako.

Yaliyotokea mwezi huu ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Kuna mshono mmoja ambao Ustad hamfunzi kila mtu. Unaitwa jali. Ndiyo, kama kujali. Sisi tukitaka kijitundu kwenye kofia tunatoboa, kisha tunazungushia uzi. Wao hawatoboi. Wanaingiza sindano katikati ya nyuzi za kitambaa, wanazisogeza, huu huku, huu kule, wanazifunga, mpaka kinafunguka kidirisha na hakuna uzi hata mmoja uliokatika. Nimekuja India kwa ajili ya kidirisha hicho. Ulilijua hilo, na ndiyo maana ulikasirika.

Desturi ya nyumba hii ni kwamba sindano ya jali hupewi mpaka aliyekufunza kushona mwanzo aridhie. Kama ni baba yako, basi baba yako. Ustad anasema mkono wa fundi una mwenyewe, na huwezi kuuzoesha kitu kipya bila mwenyewe kujua. Mimi desturi hiyo sikuwa naijua. Kihindi changu ni cha kusalimia na kula.

Basi alasiri moja Ustad ananiita mbele ya wote, ananiuliza kwa heshima zake, "Aap ke walid sahab razi hain?" Walid sahab nilijua, ni mzazi wako mheshimiwa. Na razi nilidhani nalijua. Kila siku Dadi hupigiwa simu na binti yake aliyeolewa mji mwingine, na swali la kwanza huwa, "Sab razi-khushi?" Na Dadi hujibu, "Razi-khushi." Mimi nikaliweka akilini kwamba maana yake hamjambo, wote wazima. Kwa hiyo niliona Ustad ananijulia hali yako. Nikakusanya adabu zote nilizofunzwa, nikajibu, "Ji, bilkul razi hain. Aap ki dua hai." Ndiyo, mzima kabisa, kwa dua yako.

Ustad alifumba macho. Akasema furaha nyingi imenifikia. Akatuma vitamutamu viletwe, na wenzangu wakaja mmoja mmoja kunilisha kwa mkono. Nikawa najisemea moyoni, ama watu hawa wana upendo, baba wa mtu kuwa mzima tu wananunua halua! Nilikula vitano.

Kesho yake asubuhi Dadi anachambua dengu, mimi namsaidia, akaniuliza, "Alikwambiaje baba yako alipokubali?" Nikamuuliza amekubali nini. Akaniangalia. Akaacha dengu, akaweka kiganja kifuani, akanieleza pole pole kama anavyomweleza mtoto: razi ni mtu aliyeridhia, moyo wake umetulia juu ya jambo, amelipa ruhusa.

Loo, Baba! Wewe uliyekuwa ukinirudisha mlangoni kila nikisema "razi" kama watu wa bara, niingie tena niseme radhi, ulimi kati ya meno! Neno lile lile limekuja mbele yangu limevaa z, nami nikalipita kama sijawahi kuliona. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nilikuwa nimesimama mbele ya karakana nzima nikasema baba yangu ameniridhia, nikalishwa na halua juu yake.

Sitakuficha, nilifikiria kunyamaza. Kaole ni mbali, simu huipokei, nani angejua? Shetani naye akanisaidia kupanga hoja. Akaniambia, alisema haya, na haya si ndiyo kukubali? Siku mbili nilitembea na hoja hiyo, na kila nikimwamkia Ustad macho yangu yanakwenda ukutani.

Alhamisi akaja amevaa nguo safi. Akanawa mikono, akatandika kitambaa kipya juu ya goti langu, akasema bismillahi, akaninyooshea sindano kwa mikono miwili. Wenzangu wamenizunguka. Mkono wangu ulikwenda, ukafika nusu ya njia, ukagoma. Nikasema, kwa Kihindi kibovu, bila aap wala ji, "Baba yangu hayuko razi. Nilielewa vibaya. Nilidhani umeuliza kama ni mzima."

Kijana mmoja alicheka. Ustad aliirudisha sindano kwenye kitakia chake. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na nilitamani kutukanwa. Alisema, "Mujhe khushi hui ke aap ne bata diya." Kwa kuwa umeniambia, furaha imenifikia. Kisha akakikunja kile kitambaa mara nne, akakiweka pembeni. Nililia, Baba, mwanamume mzima, mbele ya watu. Nililia kwa aibu, na nililia kwa sababu mtu baki ameweza kunifurahia siku nilipomvunjia heshima, na wewe sijui kama umewahi kunifurahia tangu niondoke.

Akawaambia wenzangu warudi kazini, akakaa kando yangu. Akaniuliza kwenu hilo neno mnalo? Nikamwambia tunalo, tunalitamka kwa ulimi kati ya meno. Nikamweleza kwamba kwetu mtu aliyetosheka ameridhika, na aliyekubali jambo yuko radhi nalo. Dua ya mzazi inayokutangulia njiani ni radhi zake, nazo ni bora kuliko mali. Na ukimkosea mtu, unamwambia niwie radhi. "Neno moja?" akauliza. Moja. Akasema basi na mimi nimemkosea baba yako, maana miezi minane nautumia mkono alioutengeneza yeye, sikumbishia hodi. Akaniomba nimfunze kulisema. Ile dh inamshinda kabisa, inatoka z, na Dadi jikoni anamcheka. Alijaribu labda mara ishirini. Kwa hiyo nakufikishia kama alivyonituma: Ustad Naim wa Laknau anasema, niwie radhi.

Ndani ya bahasha utaona kitambaa cheupe kimekunjwa mara nne. Ni kile kile. Mimi nilitaka akuandikie, akakataa, akasema fundi mwenzako humsumbui kwa maneno. Anaomba, ukiona vyema, umtilie pembeni kijitundu kimoja cha mkono wako, ajionee unapolifichia fundo. Yeye anataka kujua hilo tu. Lililobaki ni la kwangu na wewe.

Nisalimie Mama, mwambie shuka lake limeokoa maisha ya mtu. Dadi naye anamsalimu sana, na anamuuliza alinilisha nini utotoni mpaka nikawa na tumbo hili. Msalimie dada Mwanahamisi. Mwambie huku dada maana yake ni babu mzaa baba, kwa hiyo akinituma tena dukani nitamjibu kwamba wazee hawatumi watu ovyo, wanakwenda wenyewe. Mjomba Omari wa Zinga mpe salamu zangu, na shangazi yangu anayekuletea samaki kila Jumatano naye mwambie sijamsahau.

Baba, kazi ya huku naipenda, na watu wake nawapenda. Furaha imenifikia, siwezi kusema vingine. Ukitia kijitundu kimoja kwenye kitambaa hicho, nitajifunza jali, na nitakaporudi nitakufunza wewe kwanza kabla ya mtu yeyote, ukitaka. Ukikirudisha kitupu, nitawaaga watu hawa kwa maneno mazuri waliyonipa, nitarudi nikae upande wako wa kibaraza, nishone ulichonifunza, na hutanisikia nikinung'unika. Dada wa Tanga atarudi huku kuchukua vyeti vyake, na kabla ya kuondoka atapita hapo nyumbani kuuliza. Usikiweke kabatini. Nikijua hukuniridhia, nitakuja kupiga magoti mpaka uchoke kuniona. Kutojua ndiko nisikokuweza, Baba.

Mwanao,
Shomari